Maswali ya Wasomaji: Supu ya Nyanya ya Jioni

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: supu ya nyanya inayopikwa jioni ya siku ya kazi, mpishi amechoka na walaji wana njaa. Zinazouliza jambo moja tumeziunganisha. Wengi wenu mnailaumu nyanya, lakini kwa jinsi mnavyoeleza upishi wenu, tatizo mara nyingi liko kwenye utaratibu wa kutia vitu sufuriani. Nyanya ina asidi, na asidi hiyo haikiachi salama chochote inachokutana nacho: kitunguu, maziwa, hata sufuria yenyewe. Tuanze na kipimo, maana majibu mengine yote yatakirejelea.

Habari za kazi, wahariri. Naomba kipimo cha watu wanne, kisichozidi nusu saa na kisichotaka vitu vingi.

Njema, ndugu msomaji. Andaa nyanya mbivu kilo 1, kitunguu maji kikubwa kimoja (kama gramu 150), punje 3 za kitunguu saumu, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, nyanya nzito ya kopo, ile iliyokolezwa, kijiko kikubwa 1, maji au supu ya mboga mililita 300 hadi 400, chumvi kijiko cha chai 1, siagi kijiko kikubwa 1 na pilipili manga. Sukari iweke karibu, lakini usiitie bado.

Bandika sufuria pana yenye kitako kizito kwenye moto wa wastani. Tia mafuta, kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba na chumvi kidogo, kisha funika. Chumvi hiyo huvuta maji ya kitunguu, nacho kinalainika kwa mvuke wake badala ya kuungua. Kipe dakika 7 au 8, ukigeuza mara mbili tatu. Wakati huo ndio wa kuosha nyanya na kuzikata robo robo. Kitunguu kikishakuwa laini na cheupe cha kupitisha mwanga, tia saumu iliyopondwa na ugeuze kwa nusu dakika tu. Fuatisha nyanya nzito, uikaange kwa dakika 2 huku ukiisugua kwenye kitako cha sufuria kwa mwiko. Utaiona ikiacha wekundu wa kung'aa na kuelekea rangi ya tofali, na mafuta pembeni yakigeuka ya machungwa. Hapo ule ukali wa kopo umekwisha.

Sasa ongeza moto, tia nyanya zote pamoja na chumvi iliyobaki, funika kwa dakika 5 mpaka zitoe maji yake. Funua, tia maji mililita 300, acha itokote bila kifuniko dakika 12. Saga, rudisha sufuriani, koroga siagi na pilipili manga ndani, onja. Ikiwa nzito kupita unavyopenda, ongeza maji yaliyobaki. Utapata kama lita moja na robo, yaani bakuli nne za kutosha.

Nimechemsha supu dakika arobaini lakini vitunguu bado vinalia mdomoni. Nilitia kila kitu kwa pamoja ili kuokoa muda. Kwani shida ni kitunguu cha aina gani?

Kitunguu hakina kosa. Kinacholainisha mboga jikoni ni kuyeyuka kwa pektini, gundi inayoshikilia kuta za chembe zake. Kwenye asidi gundi hiyo huyeyuka polepole sana. Kitunguu kibichi kikitumbukizwa kwenye nyanya kinaweza kuchemka saa nzima na bado kikawa na mfupa. Karoti ni vivyo hivyo, viazi vivyo hivyo, na maharage na dengu ndiyo wagumu kupita wote: vichemshe kwenye maji matupu hadi viive kabisa ndipo vikutane na nyanya.

Kwa hiyo zile dakika 8 za kitunguu na mafuta ndizo zinazookoa muda. Kabla ya kutia nyanya, chukua kipande kimoja ukibane kati ya kidole na mwiko. Kikipondeka bila kuteleza, endelea. Kikiteleza, funika dakika 2 zaidi. Kama maji yameshamwagika, yaani nyanya imo na kitunguu ni kigumu, ongeza robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, uchemshe dakika 10 zaidi, kisha usage kwa muda mrefu kidogo.

Supu yangu ikishatulia kwenye bakuli inajitenga: katikati rojo, pembeni maji mekundu mepesi. Huwa nasaga nyanya mbichi asubuhi nikaziweka kwenye jagi, jioni nazipika tu. Nifanyeje ishikane?

Barua yako imejijibu, dada, kwenye hiyo sentensi ya pili. Ndani ya nyanya kuna vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi kama mikasi midogo, vinavyokatakata pektini. Nyanya ikiwa nzima, vimeng'enya na pektini vinakaa mbalimbali. Ukiisaga mbichi, unavikutanisha, na kazi inaanza papo hapo. Kufikia jioni sehemu kubwa ya pektini imeshakatwa, na pektini ndiyo ingeyashika maji ya nyanya. Hata ukipika vizuri namna gani baada ya hapo, kilichokatwa hakiungiki.

Moto ukiwahi, vimeng'enya hivyo huharibika kabla havijafanya kazi. Viwanda vinavyotengeneza rojo la nyanya vinalijua hili siku nyingi: vinavyotaka rojo zito hupasha nyanya haraka hadi kwenye nyuzi 90 za Selsiasi au zaidi mara tu zinapopondwa, na vinavyotaka juisi nyepesi yenye harufu ya ubichi hupasha kwa joto la chini zaidi. Jikoni maana yake ni hii: kata nyanya vipande vikubwa, dakika chache kabla ya kuzitia, ziingie kwenye sufuria iliyokwisha pata moto, na kusaga kuwe mwisho. Ukitaka kupunguza kazi ya jioni, andaa kitunguu na saumu asubuhi. Nyanya ziache nzima.

Supu ambayo imeshajitenga inashikwa na wanga. Chaguo letu la kwanza ni mkate: kipande kimoja cha mkate mweupe bila ganda, kama gramu 30, kiloweshwe ndani ya supu dakika 2 kisha kisagwe nayo. Kinashika maji vizuri na hakibadilishi ladha. Mchele nao unafaa, vijiko vikubwa 2 vilivyooshwa, lakini unataka kuchemka pamoja na supu dakika 15 hadi 20 na huvimba zaidi ukilala, kwa hiyo supu ya kesho itataka maji. Wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini kama poda, koroga kijiko kikubwa 1 kwenye vijiko 2 vya maji baridi, umimine supu ikichemka na uache dakika 1 au 2. Usiuchemshe sana baada ya hapo, maana asidi na moto kwa pamoja huuvunja na supu hurudi kuwa nyepesi. Kiazi hatukipendekezi kwa anayetumia blenda yenye nguvu, kwa kuwa kikisagwa sana hutoa ute unaonata.

Uchachu! Wengine wanasema sukari, wengine soda. Nifuate wapi? Na kama nitatia vyote viwili?

Kwanza hakikisha ni uchachu kweli. Wasomaji watatu wameandika "supu chachu" huku wakieleza uchungu, na dawa za hivyo viwili hazifanani. Uchachu hukufanya umeze mate. Uchungu hubaki kooni baada ya kumeza, na asili yake huwa ni saumu iliyoungua, nyanya nzito iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, au mbegu zilizosagwa kupita kiasi. Saumu ikishakuwa kahawia iliyokolea, hakuna kitakachoificha. Mwaga mafuta hayo na uanze upya. Ni dakika 8 tu zimepotea.

Sasa uchachu. Sukari haipunguzi asidi hata kidogo, inaufunika tu ulimi. Soda ya kuokea inaiondoa asidi yenyewe: vinapokutana, hutoka gesi ya kaboni dioksaidi, ndiyo lile povu unaloliona likipanda. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina mahali pake.

Nyanya zilizoiva vizuri kwa kawaida hazihitaji soda. Siagi ikishaingia, subiri kidogo uonje, kwa kuwa mafuta hulainisha ukali. Kama bado inakera, nusu kijiko cha chai cha sukari kinatosha sufuria nzima. Kikihitajika zaidi ya kijiko kimoja, acha sukari, tatizo ni asidi. Hapo epua sufuria, hakikisha ina nafasi juu, tia soda kiasi cha kushika kwa ncha ya kijiko, yaani nusu ya robo kijiko cha chai, koroga mpaka povu liishe, onja. Ikibidi rudia mara moja tu. Robo kijiko cha chai kwa kilo moja ya nyanya ndio mwisho wetu. Ukizidisha, supu inakuwa na ladha ya sabuni na wekundu unafifia, kwa sababu nyanya bila asidi si nyanya tena. Soda yenyewe ina chumvichumvi, kwa hiyo chumvi ya mwisho itiwe baada yake. Na iwe soda ya kuokea, si bekingi pauda, ambayo imeshachanganywa na asidi yake.

Mwenye subira ya dakika mbili akwaruze karoti ndogo moja na kuilainisha pamoja na kitunguu tangu mwanzo. Utamu wake umetulia kuliko wa sukari.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi, naanza kujipikia. Kila nikitia maziwa kwenye supu ya nyanya yanakatika, supu inajaa chembechembe nyeupe. Krimu ni ghali kwangu. Kuna njia?

Marahaba, mwanetu. Njia ipo, na ni nzuri. Protini kubwa ya maziwa, kaseini, hushikamana na kuwa mabonge pale kiwango cha pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) kinaposhuka hadi karibu 4.6, na nyanya nyingi ziko hapo hapo au chini yake. Moto huharakisha. Kwa hiyo unapomimina maziwa baridi kwenye supu inayochemka, unayaweka kwenye mazingira yale yale yanayotengeneza jibini. Krimu nzito huvumilia kwa sababu ina mafuta mengi na protini kidogo. Ukiipata, vijiko vikubwa 4 kwenye supu iliyoepuliwa vinatosha na huna haja ya kuendelea kusoma.

Kwa maziwa, fanya hivi. Katika sufuria ndogo yeyusha siagi kijiko kikubwa kimoja na nusu, tia unga wa ngano kiasi hicho hicho, koroga dakika 1 bila kuuachia ubadilike rangi. Mimina maziwa mililita 250 kidogo kidogo ukikoroga, mpaka uji uwe mzito wa kufunika mgongo wa kijiko. Wanga huzingira protini na kuzizuia zisishikane. Supu yako iwe imeshasagwa, imeshatiwa soda ile ndogo tuliyoitaja kwenye jibu lililotangulia, na imeepuliwa. Sasa angalia mwelekeo: chota supu kwa upawa uimimine kwenye maziwa, si maziwa kwenye supu. Upawa wa kwanza, koroga. Wa pili, koroga. Kufikia wa nne mchanganyiko umeshazoea asidi na joto, nawe unaweza kuurudisha wote kwenye sufuria kubwa. Pasha moto mdogo mpaka mvuke utoke, lakini usiuache uchemke.

Tumia maziwa yenye mafuta yake yote. Yaliyoondolewa mafuta ndiyo yanayokatika upesi. Na yakishakatika, blenda hupunguza ukubwa wa chembe lakini haiziondoi. Supu inalika salama, ila ulimi utahisi mchangamchanga.

Nitoe mbegu na maganda?

Maganda, ukipenda ulaini. Blenda nzuri huyasaga, ya kawaida huacha vipande vinavyojikunja kama nyuzi, na hapo chujio la matundu ya wastani linafanya kazi baada ya kusaga: sukuma kwa mgongo wa upawa mpaka ibaki takataka kavu. Mbegu tusiziguse kabla ya kupika. Ule ute unaozizunguka ndio wenye glutameti nyingi, kitu kinachoipa nyanya ladha ya kunona, na anayekamua mbegu anautupa ute pamoja nazo. Pika vyote, saga kwa vishindo vifupi ili mbegu zisipondeke na kutoa uchungu, kisha chuja.

Nyanya za kopo zinafaa? Na ni zipi?

Zinafaa sana, na pale ambapo nyanya mbichi ni ngumu na zimepauka, za kopo ndizo bora. Makopo 2 ya gramu 400 yanashika nafasi ya kilo moja. Maji yake yatie pia, kisha punguza maji ya kuongeza hadi mililita 250. Chagua nyanya nzima zilizomenywa. Zile zilizokatwa vipande vidogo mara nyingi hutiwa kalsiamu kloraidi ili vipande visivunjike, na kwenye supu tunataka vivunjike. Soma maandishi ya kopo. Nyanya hizi zilishapata moto kiwandani, kwa hiyo dakika 10 za kutokota zinatosha.

Supu ilikuwa nyekundu sufuriani, nikasaga ikawa ya machungwa. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Blenda imeingiza viputo vidogo vya hewa na kuyatawanya mafuta kuwa matone madogo mno, na vyote viwili huipausha rangi. Irudishe kwenye moto mdogo dakika 5, ukoroge polepole na kuengua povu. Wekundu mwingi utarudi. Anayetaka rangi kali zaidi asage bila mafuta ya ziada, siagi aitie baadaye.

Blenda ilirusha kifuniko, supu ya moto ikamrukia mdogo wangu mkononi. Niliijaza nusu na zaidi kidogo tu.

Pole sana, na mpe pole mdogo wako. Jambo hili tunaliomba kwa msisitizo kwa kila msomaji. Kimiminika cha moto kikianza kuzunguka hutoa mvuke mwingi kwa ghafla, na mvuke uliofungiwa hutafuta njia. Acha supu ipoe dakika 5 hadi 10 nje ya moto. Jaza jagi theluthi moja tu, na usage kwa mafungu. Kile kifuniko kidogo cha katikati kiondoe, tundu lake ulifunike kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa, mkono ukikishika juu yake. Anza na mwendo wa chini kabisa, ongeza taratibu. Watoto wakae mbali. Blenda ya mkono inayotumbukizwa sufuriani haina hatari ya kifuniko, ila kichwa chake kizame chote kabla ya kuiwasha na kizimwe kabla ya kukitoa.

Sufuria yangu ni ya alumini. Kuna madhara?

Kwa kupika nusu saa utaona zaidi shida ya ladha: asidi hula alumini, supu ikapata ladha ya chuma na sufuria ikabaki na madoa. Chuma tupu kisichopakwa kitu ni hivyo hivyo. Ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa enameli ndiyo inayofaa. Kama hiyo ya alumini ndiyo uliyonayo, pika, lakini supu usiilaze humo.

Chumvi imezidi. Nimeambiwa nitumbukize kiazi kitaifyonza.

Kiazi hufyonza maji yenye chumvi, hakichagui chumvi na kuacha maji. Supu inayobaki ni ya chumvi ile ile. Kinachosaidia ni kuongeza wingi: kopo moja la nyanya zisizo na chumvi, au maji na kipande cha mkate wa kusaga, au maziwa kwa njia tuliyoeleza. Chumvi ya mwisho itiwe baada ya supu kupungua maji.

Naweza kupika Jumapili nikala wiki nzima?

Wiki nzima hapana. Kwenye friji ya nyuzi 4, siku 3 hadi 4. Zinazozidi zigandishe, na kwa ubora wake zitumie ndani ya miezi 3. Igawe kwenye vyombo vifupi ili ipoe upesi na iingie friji kabla ya saa 2 kupita tangu iepuliwe. Sufuria kubwa iliyojaa huchukua muda mrefu kupoa katikati, na huko ndiko vijidudu vinakozaliana. Ya kugandisha iache bila maziwa wala krimu, kwa sababu vikiyeyuka hujitenga. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu ya chombo, maana supu ikiganda hutanuka. Unapopasha, ichemke kabisa, na pasha kiasi utakachokula. Kama ulitia maziwa tangu mwanzo, ipashe taratibu huku ukikoroga hadi ifike nyuzi 74, ukiwa na kipimajoto. Ikikatika kidogo, kula tu.

Sina blenda wala umeme wa uhakika. Hii supu si yangu basi?

Ni yako kabisa. Kata kila nyanya katikati kwa upana. Shika nusu moja, upande uliokatwa uelekee matundu makubwa ya kikwaruzio, mkono ukiwa umekunjuka, ukwaruze kwa kusukuma na kiganja. Nyama yote inashuka bakulini na ganda linabaki bapa mkononi, likikukinga na makali. Kilo moja ni kazi ya dakika chache. Lakini kumbuka vile vimeng'enya: kitunguu kiwe kimeshalainika na nyanya nzito imeshakaangwa kabla hujaanza kukwaruza, ili rojo liende moja kwa moja motoni. Kitunguu kikate kidogo sana tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna kitakachokisaga baadaye. Supu itakuwa na mbegu na ukwarukwaru kidogo, na ukitaka nzito, mkate umegue kwa vidole na kuupiga kwa mchapo wa kupigia mayai mpaka upotee.